Pacha Niliyemzaa Mbele ya Televisheni

Nilizaa pacha nikiwa na miaka sabini na moja.

Sikwenda hospitali. Nilikuwa nimekaa katika kiti changu cha mbao, sebuleni kwangu, Majengo, hapa Goma, miguu nimeifunika kitenge, wanawake wa mtaa wamenizunguka. Uchungu haukudumu hata dakika moja. Nilifungua kinywa, akatoka.

Alikuwa mtu mzima, mzungu, na karibu afunge ndoa.

Msicheke bado. Nitaeleza kwa utaratibu, kwa maana nilifundisha shule ya msingi miaka mingi na sivumilii habari inayoanzia mkiani, ingawa yangu nimekwisha kuianzia huko huko.

Jina langu ni Marie-Louise. Mtaani wananiita Madame. Nilizaliwa upande wa Bukavu, nikafundishwa na masista, na Kifaransa chao kimo kichwani mwangu hadi leo, kimenyooka kama shuka zilizopigwa pasi.

Televisheni niliidharau. Nilisema ni sanduku la wavivu.

Kisha ikaja tamthilia moja kutoka Amerika ya Kusini, iliyotiwa sauti za Kifaransa. Jina lake lilikuwa refu. Mtaani tuliiita "Renata" tu, kwa jina la mwanamke mkuu ndani yake.

Renata alikuwa na mume, Octavio. Octavio alikwenda kutafuta maisha katika machimbo ya milimani, mgodi ukaporomoka, hakuonekana tena. Renata akamngoja. Msimu wa kwanza alingoja. Msimu wa pili alingoja. Daktari mmoja mpole, Leandro, akawa anapita mlangoni pake na maua.

Majirani zangu hawakujua Kifaransa cha kutosha kulia mahali panapostahili. Basi wakaja kwangu: Mama Fabiola muuza makaa, mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya ziwa, Joviale msusi, na wengine waliojaa hadi kizingitini. Waigizaji walisema, nami nikasema nyuma yao, kwa Kiswahili kilichonyooka.

"Madame, unasemaka kama redio," Joviale alinitania.

"Redio hukosea," nikamjibu.

Nilijivuna, nakiri. Nilitangaza mbele ya wote kwamba mkalimani mwaminifu ni kama padri katika kitubio: haongezi, hapunguzi.

Mungu alisikia. Maneno ya namna hiyo Mungu huyasikia upesi sana.

Sasa niwaeleze Julie.

Julie ni mke wa mwanangu Fortunat. Mahari ilitolewa, misa ya ndoa tuliiahirisha hadi Fortunat atakaporudi kutoka Kolwezi, alikokwenda kutafuta kazi ya migodini. Mungu hakuwa amewapa mtoto. Fortunat hakurudi, mwaka ukazaa mwaka. Lakini kila Jumapili baada ya misa Julie aliniambia: "Mama, Fortunat amepiga simu. Anakusalimia. Anauliza magoti."

"Mwambie yanauma," nilijibu, nikaendelea kula.

Julie alinipikia, alinifulia, alinikanda magoti hayo. Mimi nilimsahihisha viambishi. Niliamini tumelipana.

Na palikuwa na Adalbert Sikuli, mgane kutoka Butembo, mfanyabiashara wa viazi vya Kibumba. Maji yalipokatika mtaani, chukudu yake, baiskeli ya mbao ya kusukuma, ilisimama mlangoni petu, imebeba madumu yaliyojaa maji. Alivua kofia.

"Jambo, Madame. Maji imefika kwenu?"

Aliniuliza mimi, lakini alitazama jikoni.

Niliona. Nina magoti mabovu, macho hayana neno.

"Ule njo Leandro wetu," Fabiola akanong'ona siku moja, na 'njo' yake ni 'ndiye'. Kunong'ona kwa Fabiola kunasikika hadi barabara ya lami. Julie akainama, akaichekea sufuria.

Hapo hofu ikaniingia. Nitaitaja kwa jina lake: niliogopa Julie ataondoka, nami nitabaki na kiti.

Msimu wa tatu ulikuwa wa mwisho. Kipindi cha kwanza tu, Leandro akapiga goti, akamwomba Renata wafunge ndoa. Nikamtazama Julie. Alikuwa akichambua maharage. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani.

Renata akasema: "Oui."

Nikasema: "Hapana."

"Madame," akasema Fabiola, "amesema 'oui'. Ile ata mbuzi yangu inasikia."

(Fabiola, kama kuna mtu anakusomea haya: mbuzi wako alikuwa sahihi.)

Wote wakanigeukia. Ndipo uchungu ukanishika.

"Huyo aliyesema 'oui' si Renata," nikatamka. "Ni pacha wake."

"Pacha? Mu saison ya tatu? Alikuwa wapi siku yote?"

"Alikuwa Ubelgiji, masomoni."

"Na Renata mwenyewe iko wapi?"

"Kwa masista. Amejifungia, anasali hadi mume wake arudi."

"Tutamuona lini?"

"Masista wale hawapokei kamera."

Wakatazamana. Wakakubali. Nani katika mtaa huu atambishia Madame Kifaransa?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirushwa kila jioni isipokuwa Jumapili.

Pacha akafunga ndoa. Akakata keki. Akapelekwa matembezi ndani ya gari lisilo na paa. Nami kila jioni niliongeza habari za Renata asiyeonekana: leo amefunga chakula, leo amemaliza rozari ya tatu, leo amemwota Octavio akivuka mto. Nilitaka Julie aone uzuri wa kungoja. Nilimpamba Renata wangu kwa kila fadhila niliyoikumbuka katika katekisimu.

Mtaa ukaasi.

"Ule Renata ni mupumbafu!" alipaza Fabiola. "Bwana hatumi ata salamu, yeye anakonda tu!"

"Pacha njo mwanamuke," akasema Joviale. "Pacha anakula maisha. Renata anakula rozari."

"Labda Octavio yu hai," nikatetea.

"Kama iko muzima, miguu yake inafanya nini?"

Katika saluni ya Joviale wateja wakaanza kuomba kusukwa kama Pacha. Hakuna hata mmoja aliyeomba kusukwa kama Renata. Nilimwuliza sababu, nikiwa nimeudhika kana kwamba ni binti yangu aliyebaguliwa.

"Madame, anafunika kichwa! Na hatuyamuona!"

Hata katika sala ya shirika letu, jumuiya ya Wakristo wa mtaa, mwanamke mmoja alisimama akatoa nia: tumwombee Renata apate akili, atoke kwa masista. Wote wakaitikia: "Ee Bwana, utusikie." Nami niliitikia. Ningefanyaje? Ndimi niliyekuwa nikiongoza sala.

Nilikuwa nimemtunga mwanamke mwema, na wema wake ukawa unawafukuza watu kama moshi wa kuni mbichi.

Kipindi cha mwisho kilipofika, sebule ilifurika. Adalbert mwenyewe alisimama nje ya dirisha, kofia mkononi.

Kwenye televisheni, lango likafunguliwa. Akaingia mwanamume mwenye ndevu, mwembamba, anachechemea.

Octavio! Mzima!

Renata akaangusha sinia la vikombe. Akamwacha daktari mezani, akakimbia bustani nzima, akamwangukia mume wake kifuani, akalia kwamba ndoa ile ilikuwa kosa na kwamba moyo wake haukuacha kumngoja hata siku moja.

Someni tena sentensi hiyo, wasomaji wangu. Waliotunga tamthilia walikuwa wameniandalia mwisho ule ule nilioutaka, kwa Kifaransa safi, bila jasho langu. Ningalitafsiri tu yaliyosemwa tangu mwanzo, ningalipata kila kitu.

Lakini mbio zile, machozi yale na kifua kile cha Octavio nilikuwa nimekwisha kumgawia pacha.

"Huyu sasa ndiye Renata!" nikapiga kelele. "Ametoka kwa masista!"

Joviale akasimama. "Madame! Ile nywele ni ya Pacha! Miye njo ninaisukaka kila siku!"

"Na robe ni ile ile ya pale mezani!" akadakia mwingine, akilionyesha gauni.

"Pacha amemukamata bwana ya dada yake!"

Fabiola akainua mikono yote miwili. "Yesu na Maria! Mwenye kungojea amebaki na rozari. Mwenye kuolewa amepata babwana babili!"

Wakatoka wakigombana. Nusu walimlaani pacha, nusu walisema huyo anajua kuishi. Renata wangu, aliyeachwa peke yake kwa masista, hakupata wa kumlilia hata mmoja. Julie alikuwa pembeni, uso ameufunika kitenge, mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Asubuhi nilimkuta jikoni akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "Adalbert anataka kuleta bazee yake kwako."

"Kwa sababu ya upuuzi wa televisheni?"

Akaacha kutwanga. "Mama, miye nilifika cinquième secondaire. Kifaransa ninasikia. Renata amemurudilia bwana yake, nilisikia muzuri. Pacha hayuko."

Mwaka wa tano wa sekondari! Miaka yote hiyo chini ya paa langu, mimi mwalimu, sikuwahi kumwuliza alisoma hadi wapi. Nilimwuliza tu kama maharage yameiva.

"Basi mbona ulininyamazia?"

"Ile siku ya kwanza nilitaka kucheka. Alafu nikakuwa nalia." Alipangusa paji la uso kwa mkono uliojaa kijani. "Weye, Mama, mutu hawezi kukosea neno moja mbele yako. Na umesimama mbele ya batu bote, umewadanganya, juu yangu miye, nisitoke. Nikasema: kumbe huyu mama ananitaka. Haukuniambiaka ata siku moja."

Nikatafuta silaha yangu ya mwisho.

"Na Fortunat? Jumapili hii tu amenisalimu. Ameuliza magoti yangu. Yeye utamwambia nini?"

Julie akauegemeza mchi ukutani.

"Mama, magoti yako ilianza kuuma lini?"

Nikafikiri. Yalianza na mvua za mwaka uliofuata, Fortunat akiwa amekwisha kuondoka.

"Nani alimwambia?" nikauliza, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu tena.

"Hakuna mutu. Hapigake simu, Mama. Iko na bibi kule Kolwezi, na batoto. Tangu zamani. Ile salamu ilikuwa yangu."

Nilijidhani mkalimani pekee katika nyumba ile. Kumbe tulikuwa wawili, na yeye alinishinda. Mimi niliharibu maneno ya watu waliokuwa wakisema. Yeye alichukua kimya cha mwanangu, akanitafsiria salamu, Jumapili hata Jumapili, na mimi mtambuzi wa kila kosa sikuona mshono.

Fortunat, kama mtu atakuonyesha maandishi haya huko uliko: yanauma. Sasa umeambiwa.

Sikulia. Nilichukua mchi, nikatwanga. Nilitwanga kwa niaba yangu na kwa niaba ya Julie, na mapigo mengine yalikuwa ya Fortunat.

"Mama, inatosha," akasema Julie. "Sombe imekufa."

"Waje," nikasema huku nikihema. "Waambie waje. Mama yako mzazi hayupo duniani; nitakaa mimi mahali pake. Watanikuta upande wako."

Walikuja Jumamosi, wamevaa makoti, wametanguliza viazi. Mzee wao wa kwanza, mjomba wa Adalbert, alikuwa ametoka Butembo naye alisema Kinande, lugha ya kwao, peke yake. Alisimama akahutubia. Aliniashiria mimi, akamwashiria Julie, akaashiria mbinguni. Ndugu zake wakacheka, kisha mmoja akatoa leso. Hotuba ilikuwa ndefu kama Ijumaa Kuu.

Alipokaa, Adalbert, jasho likimtiririka, akatutafsiria:

"Anasema aksanti."

Nikamtazama machoni. Mkalimani humjua mkalimani.

"Sawa," nikasema. "Nawe mwambie mjomba wako hivi: Julie ni binti yangu. Nampenda. Atakayemfanya angoje bila salamu, nitamfuata hadi Butembo, na magoti haya haya, nikiwa na rula mkononi. Tafsiri yote, Adalbert. Usipunguze."

Neno lile la katikati, 'nampenda', lilikuwa halijawahi kupita kinywani mwangu. Lilitoka kavu, kama mlango wa ghala usiotiwa mafuta. Julie hakuinua kichwa, lakini mkono wake ulikuja ukaushika wangu, mbele ya wakwe, jambo lisilo adabu kabisa, nami sikumsahihisha.

Adalbert akamgeukia mjomba wake, akatafsiri. Najua alitafsiri yote, kwa kuwa mzee alilikusanya koti lake na kukaa wima kama mwanafunzi.

Enyi mnaosoma, hasa ninyi wazee wenzangu mnaodhani kukemea ni namna ya kupenda: watoto wetu wanatuelewa, lakini wanachoka kututafsiri. Kama nyumbani mwako kuna mtu unayetaka abaki, mwambie mwenyewe, kwa kinywa chako, mapema. Huenda asibaki. Julie hakubaki.

Lakini Jumapili hii, baada ya misa, amekuja mwenyewe hadi kwenye kiti changu, akachuchumaa, akaniuliza magoti.