Obiajulu, Aliyefanya Kazi ya Kufa

Obiajulu Nwaokolo alikuwa fundi vigae, lakini pale Asaba hakuna aliyemwita fundi. Walimwita Marehemu. Hata mama muuza akara, zile bajia za kunde, wa njia ya sokoni alimsalimu hivyo: "Marehemu, umeamkaje? Nikufungie za moto?" Naye anaitikia, anakula, anajifuta mafuta mdomoni, anakwenda zake kufa.

Kipaji chake kiligunduliwa kwa bahati tu. Alikuwa akibandika vigae kwenye nyumba moja iliyokodiwa na watu wa filamu, na mwigizaji aliyepangwa kuwa maiti akashikwa na kikohozi kisichokoma. Wakamwomba Obiajulu alale kidogo badala yake. Akalala vile hata mpiga picha akaingiwa na hofu, akamsogezea kioo puani. Tangu hapo amekufa kwa sumu, kwa radi, kwa uchawi wa mama wa kambo, na mara moja kwa furaha. Alijua kupumulia chini ya kitovu, kifua kimetulia kama sakafu aliyoibandika mwenyewe. Nzi akimtulia kwenye kope, hapepesi. Kusema tu ndiko hakuwahi kupewa. Aliwahi kuomba apewe japo neno moja, akajibiwa, "Marehemu, Mungu amekupa kulala. Unataka nini tena?"

Mke hakuwa naye. Kijijini kwao Umuezei alibakiwa na kaka yake, Onochie, mkulima wa viazi vikuu. Wawili hao hawakuwa wakisemezana kwa sababu ya mchikichi mmoja ulioota mpakani mwa viwanja vyao. Kila mmoja alisema ni wake, hakuna aliyethubutu kuukwea, na chikichi zake zikawa chakula cha ndege.

Msimu mmoja wa harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, vumbi limetanda mji mzima, Madam Nonyelum alimwita Obiajulu afe kama chifu tajiri. Madam ndiye aliyekuwa mwenye filamu, mwongozaji na mpishi. Asubuhi hiyo mwigizaji wa kuwa mjane alitoroka, akaenda kuwa malkia kwenye filamu ya mtaa wa pili, kwa hiyo Madam akawa mjane pia. Alikuwa akilia mbele ya kamera kwa uchungu wa kweli, kisha, machozi yangali yanamtiririka, anapiga kelele, "Kata! Nani kaacha mchuzi motoni?" Kinasa sauti kilifungwa kwenye mpini wa fagio. Jenereta likinguruma sana, waombolezaji waliamriwa walie zaidi ili walifunike.

Jeneza lilikuwa la kuazima. Seremala wa kando ya barabara alilitoa kwa sharti moja, kwamba wateja wake wakija waruhusiwe kulikagua. Na kweli, Obiajulu hajamaliza hata kujinyoosha ndani, akaja mzee mmoja aliyefiwa na mkwewe. Akainama juu ya jeneza kwa adabu.

"Samahani, bwana marehemu. Mabegani halibani?"

"Mabegani safi, mzee wangu," akajibu Obiajulu, macho kayafumba. "Ila miguuni kuna msumari. Mkweo alikuwa mrefu?"

"Mfupi, lakini mnene."

"Basi tafuta jingine. Hili atakuwa anaingia ubavu mmoja tu."

Seremala akamtazama Obiajulu kwa jicho la kuua. "Wewe kazi yako kufa, si kuniharibia biashara!"

Mambo yaliharibikia kwenye bango la tanzia. Madam alimtumia mchapishaji picha ya Obiajulu, amevaa kofia nyekundu ya uchifu, ili amwandikie jina la chifu wa hadithi. Picha ile ilihifadhiwa kwa jina la Obiajulu mwenyewe, na mchapishaji akaandika alichokiona: Obiajulu Nwaokolo wa Umuezei, ametutoka. Muda wa kuchapa upya haukuwepo. Wakalibandika hivyo hivyo kwenye geti la nyumba ya kupigia filamu, wakisema kamera italipita haraka. Lakini mama mmoja wa Umuezei, aliyekuja mjini kuuza mihogo, hakulipita haraka. Alilisoma mpaka mwisho, akaketi chini, akapiga yowe, kisha akapiga simu nyumbani. Nyumbani nao wakapiga simu ya Obiajulu, isipokelewe. Ilikuwa mfukoni mwa suruali yake, na suruali imetundikwa jikoni.

Alasiri, Madam alipokuwa anapanga waombolezaji wake wachache aliowapata, mageti yakafunguka. Wakaingia watu wa Umuezei, malori mawili, na ngoma, na mbuzi dume, na shangazi mkubwa Mgbeke mbele, kanga imefungwa kifuani kwa kilio. Nje mizinga ya baruti ya mazishi ikalipuka. Mpiga picha alitaka kuzima kamera. Madam akamkamata mkono.

"Zima uone! Umati kama huu ningeupata wapi mimi?" Halafu akajitupa juu ya jeneza akilia, akamnong'oneza Obiajulu sikioni, "Hao ni ndugu zako. Usitikisike. Ukifumbua jicho nakuzika kweli."

Obiajulu akapumulia chini ya kitovu. Alisikia shangazi akisimulia jinsi alivyokuwa mtoto mwema, akashangaa, maana shangazi huyo huyo alikuwa akimkimbiza na mwiko. Mara pakatulia. Onochie alikuwa amesogea.

"Mdogo wangu," Onochie alisema, na sauti ikamkatika. "Umekufa huna mke, huna mtoto, na mimi sijakusalimu miaka. Nilikuwa nikisema kesho nitamwendea. Haki ya Mungu, hata viazi vya kwanza nilikuwa nakutengea, vinaoza. Nani sasa nitamnunia mimi?"

Chozi likamtoka Obiajulu, likateleza hadi sikioni. Aliona bora avumilie yaishe, kisha amkumbatie kaka yake.

"Na ule mchikichi," akaendelea Onochie akipenga kamasi, "sikuugusa. Ulikuwa wangu, kila mtu anajua, lakini sikuugusa."

"Wako?" Obiajulu akaketi wima jenezani. "Wako tangu lini? Baba alinionyesha mimi kwa kidole chake!"

Uwanja ukawa tupu kufumba na kufumbua. Waliopita getini walipita, wengine wakaruka ukuta, mwenye fagio la sauti alikimbia nalo, na mbuzi naye akatimua mbio. Seremala alijificha nyuma ya jenereta. Onochie peke yake hakuondoka, kwa kuwa hasira ilitangulia hofu.

"Baba alikuonyesha ule wa kisimani, mwongo we!"

"Wa kisimani ulianguka kabla sijazaliwa!"

"Basi alikuonyesha shina!"

Walibishana hivyo, mmoja kasimama na mwingine yumo jenezani na pamba puani, mpaka ghafla Onochie akamshika mdogo wake shavu.

"Kwani wewe hukufa?"

"Niko kazini, kaka."

Onochie akamzaba kofi, kisha akamvuta kifuani, wakabaki hivyo, jeneza likilia kwa uzito wao wote wawili. Madam Nonyelum, peke yake nyuma ya kamera aliyoachiwa, alisahau kusema "Kata."

Watu walirudi mmoja mmoja. Shangazi Mgbeke alikasirika kuliko wote. "Mizinga imepigwa, wanawake wamelia mpaka sauti zimekauka. Nirudi Umuezei niseme nini? Kwamba tulikosea nyumba?" Wazee wakakaa faragha, wakaamua kwamba aliyekufa ni chifu wa filamu, naye hana kwao, kwa hiyo Umuezei imemchukua. Mbuzi akakamatwa, akachinjwa. Jeneza likazungushwa uwanjani kwa ngoma, tupu, seremala akikimbia pembeni akipiga kelele wasilikwaruze.

Madam alibadilisha hadithi palepale: chifu akafufuka kudai mchikichi wake. Filamu ilipendwa mno kule Onitsha, ng'ambo ya mto, na kazi ya Obiajulu ikaharibika. Kila akilala kama maiti, watazamaji hucheka wakisubiri aamke. Ikabidi wampe maneno. Siku hizi huwa mlinzi wa geti, au mchungaji wa kanisa, na husema sana, wakati mwingine kupita alivyoandikiwa.

Onochie naye, viazi vikishavunwa, huja Asaba kulala kwa mdogo wake na kuigiza mwombolezaji. Analia vizuri, ila kabla ya kuanza sharti amfinye maiti.