Asubuhi Maman Ngoie Alipowasha Tanuru

Mwanangu, kati ya siku zote nilizoishi hapa Bruxelles, iko moja ninayoikumbuka kama ya jana. Wiki hiyo tulikuwa tumemzika baba mkwe wangu. Nilikuwa bibi arusi bado, sijatimiza mwaka tangu nitoke Lubumbashi, na baridi ya huku ilikuwa inaniliza kwelikweli.

Mzee alikuwa na karakana mtaa wa Anderlecht, nyuma ya ghala la matairi. Kazi yake ilikuwa kuvisha vyuma rangi: mageti, vitanda, vyuma vya ngazi. Si kwa brashi, la. Chuma kilioshwa kitoke mafuta na kutu, kikatundikwa, naye akakipulizia rangi ya unga kwa kifaa cha umeme walichokiita pistole. Unga uliruka hewani ukakikumbatia chuma hata upande wa nyuma. Kisha kiliingia tanuruni, unga ukayeyuka, kikatoka kinang'aa. Nilipoona mara ya kwanza nilijishika mdomo.

Alifariki ghafla, akaacha kazi nusu: vyuma vya kushikia vya shule ya watoto wenye shida ya kutembea. Mume wangu Ilunga na mdogo wake Kabwe walitaka virudishwe, na tanuru liuzwe.

"Alors, bila papa tutafanya nini?" Kabwe aliuliza. "Ni yeye tu alijua ile pistole."

Mama yao, Maman Ngoie, alichukua funguo za karakana mezani, akazitia mfukoni. Miaka yote yeye alikuwa akiosha vyuma tu. Kesho yake asubuhi alivaa ovaroli ya marehemu, akakunja mikono iliyomzidi urefu, akawasha tanuru. Sisi tulisimama mlangoni kama waliomwagiwa maji.

Chuma cha kwanza kilitoka na vijibonde kama ganda la chungwa. Ilunga akamsogelea polepole.

"Maman, inatosha. Unajichokesha bure."

"Bon," alisema bila kugeuka. "Papa yenu tulimuzika. Kazi yake, tuliizika siku gani?"

Akakikwangua mpaka kikabaki kitupu, akaanza upya. Kikaharibika tena. Hakulia, hakulaumu mtu, alikwangua. Nilimtazama nikahisi hofu, ile hofu ya mtu aliyeingia kanisani. Baadaye Kabwe alivua koti, akatundika chuma kingine. Ilunga akaenda kwenye maji ya kuoshea. Mimi nikashika kitambaa. Jioni kikatoka kimoja laini, na Maman akakipapasa kama shavu la mtoto.

Tulipopeleka vile vyuma shuleni na kuvifunga ukutani, msichana mmoja alivikamata, akajivuta, akasimama. Maman alitazama pembeni.

Leo ghala lote la matairi ni letu, na tanuru jipya linameza geti zima. Kabwe ndiye fundi mkuu. Binti yake anaendesha ofisi.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ukirithi kazi, usingoje kuijua yote ndipo uiguse. Iguse, ikushinde, uirudie. Na ukimwona mwenzio anahangaika peke yake, usimhurumie kutoka mlangoni, ingia umshikie.

Mungu akupe mikono isiyokata tamaa na watu wa kuvua koti kando yako. Unachokianza leo, wajukuu wako wakikute kimesimama.