Saa Zangu Tano na Fundi wa Kasenga

Watu wa Kalundu, bandari ya Uvira, walijua nina saa moja ya mkononi, ya nikeli, yenye kioo kilichokwaruzika, niliyoivaa kila siku kwenda bandarini. Kwa kweli nilikuwa na tano. Nne nyingine zilikaa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga, zimefunikwa kwa mchele mkavu ili unyevu wa ziwa usiziharibu, na mkebe wenyewe ulikaa katika sanduku la nguo chini ya kitanda. Watu wawili tu walijua habari hiyo: mke wangu, na fundi saa wa mtaa wa Kasenga.

Nilikuwa komi, yaani karani, wa bandari. Kazi yangu ilikuwa kuandika mizigo inayopanda na kushuka melini: magunia ya chumvi, mapipa ya mafuta, marobota ya pamba kutoka bonde la Ruzizi. Ugonjwa wa saa niliupata kwa nahodha mmoja Mzungu. Aliniona namtazama mkono, akavua saa yake akaniwekea sikioni. Yangu ilipiga kama panya anayetafuna ubao. Yake ilibidi nibane pumzi ndipo niisikie. Tangu siku ile sikuweza kupita karibu na mkono wa mtu bila kuuangalia.

Uhuru ulipokaribia, Wazungu walianza kuuza vitu vyao. Wenzangu walinunua vitanda vya chuma, baiskeli, redio. Mimi nilinunua saa. Mganga wa mifugo aliniuzia moja ya fedha yenye namba za Kirumi. Mama mmoja, ambaye mume wake alikuwa mkubwa katika kazi za pamba, aliniletea ya dhahabu ndani ya soksi. Bei zilikuwa za watu wanaofunga masanduku kwa haraka, na mimi sikuona aibu kuzipunguza zaidi.

Kila saa, kabla ya kuilipia, niliipeleka kwa fundi. Alikuwa mtu wa Katogota, wa familia ya wakulima, na kazi yake alifundishwa na bruda wa misheni. Meza yake ilikuwa kwenye baraza ya fundi cherehani. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akafungua mgongo wa saa, akachungulia muda mrefu mpaka mtu akajisikia kama yuko kwa daktari. Kisha angesema, "Hii iko ya kweli." Au angesema, "Hii iko sura tu. Ndani waliweka kitu kingine." Mara mbili aliniokoa nisinunue takataka. Tulikuwa marafiki. Siku za Jumapili baada ya misa alikuja kwangu, nikatoa mkebe, tukazitazama pamoja bila kusema mengi.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Wazungu wenye saa waliisha. Faranga ilipoteza nguvu, na wenye pesa kidogo hawakutaka tena kuziweka pesa zenyewe. Walitaka kitu cha kushika. Kwenye barabara kubwa kulikuwa na duka la Mgiriki mmoja, lenye kabati ya kioo, na ndani ya kabati saa nne kutoka Uswisi. Moja niliipenda mpaka nikawa naiota: ya dhahabu, nyembamba, uso wa rangi ya maziwa, na kiduara kidogo chini kinachozungusha sekunde.

Niliuliza bei. Nikajinyima bia na sigara mwezi mzima, nikarudi. Bei ilikuwa imepanda. Nikajinyima tena, nikapunguza hata nyama ya nyumbani, nikarudi. Imepanda tena, na kwa kiasi kile kile kilichoniacha nje ya mlango. Mara ya tatu nilipokuta tiketi mpya ya bei, nilisimama mbele ya kabati nikajiuliza: huyu mtu anajuaje kwamba nimekaribia?

Nilianza na mke wangu. Nilimwuliza kama aliongea na mtu kisimani.

"Minye nimwambie nani?" alisema. "Kwamba bwana yangu anaficha saa, na watoto wanavaa kaptula za viraka? Nitasikia aibu."

Nilimwamini. Akabaki fundi, ambaye kila Jumapili nilimweleza pesa yangu imefika wapi. Nikakumbuka kwamba Mgiriki naye alimpa fundi saa za kusafisha. Nikakumbuka nilimwona fundi siku moja amekaa dukani kwa Mgiriki, anakunywa kahawa, na nilipoingia wakaacha kuongea. Inawezekana walikuwa wamemaliza tu. Lakini mimi nilibaki na ule ukimya wao wiki nzima.

Nikatega mtego. Jumapili nilimwambia fundi, kama mtu anayesema jambo dogo, kwamba ile ya dhahabu nimeiacha, sasa nataka ya chuma yenye tarehe. Akaniambia nimechagua vizuri. Jumamosi iliyofuata nilikwenda dukani, moja kwa moja hadi kwenye ile ya chuma. Tiketi ilikuwa mpya. Sikuangalia kitu kingine chochote. Nilitoka nje na damu imenipanda kichwani, nikatembea hadi Kasenga.

Saa yangu ya namba za Kirumi ilikuwa mezani kwake, mgongo wazi, vigurudumu vyake vimepangwa juu ya karatasi.

"Nirudishie saa yangu," nilisema.

"Haijaisha, ndugu. Iko na vumbi kwa..."

"Nirudishie vile iko."

Alinitazama kwa jicho lisilo na kioo. "Kuna kitu?"

"Weye unakijua."

"Minye sikijui. Kiseme."

Sikukisema. Fundi cherehani alikuwa amesimamisha mashine yake, anasikiliza. Fundi alirudisha vigurudumu kimoja kimoja, bila haraka, akafunga, akaifuta kwa kitambaa, akanipa. Nilimpa pesa, akaisukuma nyuma upande wangu. Tokea hapo tukawa tunakaa pande mbili tofauti za kanisa.

Nyumbani nilianza kuziangalia zote upya. Niliona mkwaruzo kwenye skrubu ya hii, nikasikia ile inapiga haraka kuliko zamani. Niliamini kwamba alikuwa amezibadilisha matumbo, moja baada ya nyingine, na mimi nimebaki na maganda. Sikuwa na ujuzi wa kuzifungua, na mtu wa kumwuliza alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe.

Kisha uasi ukafika. Tulisikia kwanza kutoka bondeni, halafu milimani, halafu asubuhi moja wapiganaji walikuwa mjini na biro, yaani ofisi, ya bandari imefungwa. Ilisemekana wanatafuta watu wa serikali na wasomi, na kwamba msomi hutambulikana kwa shati jeupe, kalamu mfukoni, na saa. Mke wangu alinivua saa ya nikeli kwa mikono yake mwenyewe, akaitia mkebeni pamoja na zile nyingine.

Hatukufikiria ngozi. Miaka minane nilikuwa nimefunga mkanda wa saa mahali pamoja, na mahali pale palibaki peupe kuliko mkono mzima. Nilikaa juani nyuma ya jikoni, mkono nimeuweka juu ya goti kama kitu cha kukausha. Alama haikutoka. Nikapaka mawese na masizi ya chungu.

Siku ya nne chakula kiliisha, nikatoka kutafuta unga. Kwenye kizuizi karibu na soko mpiganaji mmoja alinishika mkono, akaufuta kwa kidole gumba. Jasho lilikuwa limeshafanya nusu ya kazi.

"Hii alama iko ya nini?"

"Ya saa."

"Saa iko wapi?"

"Ilikufa."

"Muntu wa saa iko muntu wa biro," alisema. "Twende."

Walinipeleka kwenye nyumba iliyokuwa biro ya serikali. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, jua limejaa chumbani. Kamanda wao alikuwa nyuma ya meza, na juu ya meza kulikuwa na rundo la saa, labda ishirini, baadhi bado zina mikanda yenye jasho la wenyewe. Karibu na dirisha, amebana kioo jichoni, alikaa fundi. Alikuwa akiwatengenezea.

Nilipomwona nilisimama mlangoni. Nikasema moyoni: kumbe ndiye aliyewaambia.

"Fundi," kamanda alisema, "huyu unamjua?"

Hakuinua kichwa mpaka alipomaliza kukaza skrubu. "Namjua. Iko komi wa bandari."

"Iko na saa?"

"Alikuwa na moja ya nikeli. Iko kwangu. Ilikufa tangu zamani, naye hakurudi kuichukua." Alifungua kisanduku chake, akatoa saa ya nikeli ambayo haikuwa yangu, iliyochakaa kuliko yangu, akaiweka mezani. "Ndiyo hii."

Kamanda aliitikisa sikioni, akaitupa kwenye rundo. Alinitazama shati, akanitazama viatu. "Muntu wa saa moja iliyokufa," alisema. "Aende zake."

Fundi alikuwa ameshainama tena. Hakunitazama, nami sikumtazama.

Ingekuwa vizuri niandike kwamba nilikwenda nyumbani namshukuru. Niliyoyawaza njiani ni haya: huyu mtu anajua sanduku liko wapi. Kama ningefungwa, wapiganaji wangepekua nyumba na kuchukua kila kitu. Nikiwa huru, anayejua ni yeye peke yake. Ameninunua ili aje kuzichukua mwenyewe kwa utulivu. Nilipofika sikukaa hata chini. Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jikoni.

Mke wangu alinikuta shimo limefika magotini. Nilimweleza yaliyotokea. Alisimama pale na kitambaa mkononi.

"Muntu amekutoa mu kifo," alisema, "na weye unachimba shimo."

Nilizika mkebe, nikasambaza majivu juu yake. Fundi hakuja. Wiki ikapita, mwezi ukapita, mvua zikaanza, naye hakuja. Kila mguu uliopita nje ya ua niliuhesabu kuwa wake.

Askari wa serikali waliporudi, biro ilifunguliwa, na ofisa mmoja alituita makomi mmoja mmoja. Alitaka kujua nani aliwafanyia waasi kazi. Alikuwa na jina la fundi tayari kwenye karatasi. Akaniuliza kama nilimwona kwao.

"Nilimwona," nilisema. "Alikuwa anatengeneza saa."

Sikuongeza neno. Kusema kwamba aliniokoa kungenilazimu kueleza kwa nini na mimi nilikuwa mbele ya meza ile na nikaachwa. Nililosema lilikuwa kweli, na lilitosha kumwua mtu. Bahati ni kwamba hawakumkuta. Siku mbili kabla alikuwa amevuka Ruzizi. Barazani kwa fundi cherehani palibaki alama nne za miguu ya meza.

Nilifukua mkebe. Maji yalikuwa yameingia. Mchele ulikuwa uji mweusi wenye ukungu, nyuso za saa zimefanya madoa, na mshale wa yangu ya dhahabu, ile ya soksini, ulikuwa umeanguka ndani ya kioo chake. Nilizikausha juani juu ya gunia. Hakuna hata moja iliyopiga.

Mgiriki naye alirudi, duka lake likiwa kuta tupu. Nilikwenda kununua sabuni. Tukaongea juu ya bei, kama kila mtu wakati ule, na nikamwambia, nusu kwa utani, kwamba zamani alikuwa akinipandishia saa kila nikikaribia.

Alishangaa. "Nilipandisha vyote," alisema. "Siku ile ile barua ya bei ilipofika kutoka Usumbura, nilibadilisha tiketi zote. Saa, sabuni, sukari. Hukuona?"

Sikuwa nimeona. Sikuwahi kusoma tiketi nyingine.

"Na ile ya dhahabu," aliendelea, "ningeiuza mara tatu. Rafiki yako fundi aliniomba niwaambie watu imeshawekewa mtu. Alisema iko yako, nikupe muda tu. Hukujiuliza kwa nini ilikaa vile?"

Nilimwuliza iko wapi sasa. Alinyanyua mikono. Wapiganaji waliichukua siku ya kwanza.

Ilinichukua muda kupata kibali cha kuvuka. Nilimkuta fundi Usumbura, ng'ambo ya mto, karibu na soko, meza mpya, kioo kile kile. Nilikuwa na mkebe kwapani. Alinivutia kigoda.

Nilimwambia yote: kahawa, mtego, shimo, na ofisa. Nililiacha la ofisa mwisho, na nusura nisiliseme. Alisikiliza akichezea kibisibisi chake kidogo.

"Minye nilivuka mto juu yako," alisema hatimaye. "Niliwaza: yule alinikasirikia kwa kitu nisichokijua. Atanitaja. Nikakimbia mbele ya maneno yako." Akaweka kibisibisi chini. "Basi sikukosea sana."

Niliweka mkebe mezani. Alivuta mkebe, akafungua saa moja baada ya nyingine. Matumbo yote yalikuwa ya kweli, alisema, yale yale aliyoyajua. Mbili zitapona. Tatu zitatoa vipande. Kisha akataja bei, na ilikuwa kubwa, kwa sababu vipande vya Uswisi navyo vilikuwa vimepanda. Nililipa.

Kati ya zile mbili, ya dhahabu niliiuza baadaye, ikanunua mabati ya nyumba. Nyingine bado ninayo. Fundi hakurudi Uvira. Kwa miaka kadhaa nilivuka kila ilipohitaji kusafishwa, tukanywa chai, tukaulizana habari za watoto. Lakini kila mara, kabla ya kufungua mgongo wa saa, aliigeuza meza yake kunielekea, ili niione mikono yake vizuri. Nilimwambia haina haja. Alisema, "Ni hapa tu iko mwanga," akaendelea kuigeuza.