Nilimdanganya fundi kuhusu ninavyoendesha, mke wangu akamalizia mlima kwa bodaboda

Wakuu, salamu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sitarajii marahaba nyingi.

Ninachoandika ni kweli. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Nina pikipiki kubwa ya safari, silinda mbili, ile yenye maboksi pembeni na kiti cha nyuma chenye egemeo. Niliinunua nilipostaafu. Kila mwaka mimi na mke wangu, Mama Koku, tunatoka nayo Buswelu, hapa Mwanza, tunavuka ziwa pale Busisi, tunakwenda mpaka Kamachumu kumsalimia mama yake. Mabasi yapo. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa hataki basi. Kumbukeni hilo.

Mwaka jana injini ikaanza kugonga. Nikaipeleka kwa Mayunga, fundi wa pikipiki kubwa kule Buhongwa. Akaifungua, akasema kemshafti imelika.

Kwa wasiojua: kemshafti ni mhimili wenye vinundu ndani ya injini, unaofungua na kufunga valvu. Umbo la vile vinundu ndilo linaloamua nguvu ije mapema, unapoondoka na mzigo, au ichelewe mpaka injini izunguke kwa kasi. Kote kuwili hupati. Mayunga alinieleza haya yote vizuri, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa.

Akasema za kuagiza ziko tatu. Namba moja inavuta kutoka chini. Namba mbili, katikati. Namba tatu inaamka injini ikishapiga kelele.

"Sasa mzee, nikuulize nisije nikakuagizia kisichokufaa. Huwa unakimbia ngapi?"

Walikuwepo jamaa wawili wenye pikipiki za mbio, wameegemea ukuta wakisubiri zamu. Wote wawili walikuwa wamenipa shikamoo, na ile shikamoo ilinichoma.

"Mia na arobaini," nikasema. "Barabara ikiwa nzuri, zaidi."

Wakuu, mimi hukimbia sitini.

"Unabeba abiria?"

"Mara chache sana."

"Mzigo?"

"Mzigo wa nini? Mimi navaa koti naondoka."

Maboksi yale hurudi kutoka Kamachumu na ndizi, kahawa, na msimu ukiruhusu, senene, wale panzi wa kukaanga. Mwaka mmoja tulibeba jogoo mzima, akawika mpaka Geita.

Mayunga akatazama lile egemeo la nyuma, limechakaa kwa kukaliwa. Akanitazama na mimi. "Haya mzee. Namba tatu."

Jamaa mmoja akasema, "Mzee wa moto huyu." Nilitembea na hilo neno mpaka nyumbani.

Ilipofungwa niliijaribu peke yangu barabara ya Usagara. Ilikwenda, tena sana. Ikisimama ilitetemeka na kukohoa, nikajiambia ndiyo sauti ya nguvu. Mama Koku aliisikiliza kutoka mlangoni.

"Imepona hiyo, au ndiyo imezidiwa?"

Nikamwambia mambo ya injini ni marefu.

Tukasafiri. Sengerema, Geita, mpaka Muleba, barabara kuu ikanifichia aibu. Taabu ilianza tulipoiacha na kuanza kupanda Kamachumu.

Gia ya kwanza, injini haina kitu. Ukivuta mafuta inanguruma, ukiachia klachi inakufa. Ilipozima mara ya kwanza nililaumu petroli. Ya pili nikalaumu kona. Ya tatu tukaanza kurudi nyuma, na Mama Koku, mtu mwenye magoti mabovu, akaruka.

Aliangukia majani. Hakuumia, ila kiatu kimoja kilikwenda bondeni, na mimi nilishindwa hata kumfuata kwa sababu nilikuwa nimelikumbatia dude lisiende na lenyewe.

Akapita bodaboda na kapikipiki kake, mikungu miwili ya ndizi nyuma. Akasimama.

"Shikamoo mzee. Lote hilo linakataa?"

Akasogeza mikungu, akampa mke wangu nafasi. Kabla hawajaondoka, Mama Koku akaniuliza jambo moja tu.

"Baba Koku, fundi ulimwambia kwamba huwa unanibeba?"

Nikajifanya natazama tairi.

Wakapanda mlima ule, kapikipiki hakakubadilisha hata sauti. Mama Koku alirudi Mwanza kwa basi. Helmeti yake ikawekwa juu ya kabati.

Nilipokwenda tena kwa Mayunga nilimwomba mke wangu aje anijibie maswali. Alikubali, nadhani kwa hamu ya kusikia nilichosema mara ya kwanza.

"Anakimbia ngapi, mama?"

"Sitini. Akifika themanini nampiga mgongoni."

"Samahani mama, na kilo zako?"

Akazitaja zote, hakupunguza hata moja, mbele ya watu.

Mayunga akaandika. "Namba moja. Ningekuagizia hii tangu mwanzo, mzee, lakini ulinijibu kama mtu mwingine."

Sasa imefungwa, na inavuta. Mama Koku ametoa sharti: kwanza nipandishe kilo zake zilezile kwenye vilima vya hapa mjini, mwezi mzima, isizime hata mara moja. Kwa hiyo mkikutana Nyegezi na mzee mwenye gunia la mpunga limefungwa kamba kwenye egemeo, ndiye mimi. Chekeni, halafu mnipishe.

Nilichojifunza: mwambie fundi unavyoendesha leo, na unayembeba, hata kama kuna watu wameegemea ukuta. Kemshafti haijui kuona haya.

Mliowahi kumdanganya fundi, jitokezeni hapa chini, nisibaki peke yangu.

Jana kwenye mteremko nilifika themanini. Nikakaza mgongo, nikasubiri. Gunia halikufanya kitu.