Pikapu Iliyobaki Juu ya Magogo

Simu ilimkuta mdogo mtu amelala chali chini ya gari la mteja, mafuta machafu yakimchuruzika mkononi. Aliyepiga alikuwa shemeji yake, mke wa kaka yake, na hakumzungusha.

"Shemeji, kaka yako ametutoka. Kifua kilimbana asubuhi. Tumehangaika kutafuta gari, lilipopatikana hakuwa na pumzi tena." Kisha akaongeza: "Na pikapu ipo hapa uani."

Kifo kilimuuma, lakini maneno hayo ya mwisho yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kaka mtu, Mungu amrehemu, wateja walimwita Kipimo. Jina lake la ubatizo lilibaki la kanisani tu. Alifanya ufundi wa magari miaka thelathini na mmoja, na hakununua kipuri kwa kuambiwa. Alikwenda dukani na kifaa kuukuu ndani ya gunia na kamba yenye mafundo mfukoni, akapima upana, akahesabu meno kwa ncha ya msumari. Mwenye duka akinuna, humwambia anune tu, kununa hakuharibu gari. Mdogo wake, ambaye alimfundisha kazi mwenyewe, alimwita Bwana Haraka, na wakataniana hivyo miaka mingi bila mtu kuumia.

Pikapu ilikuwa yake Kipimo. Aliinunua ikiwa gofu la chuma, akaifufua kipande kwa kipande. Injini ilipokufa alitia ya gari la aina nyingine, giaboksi akaiacha ileile. Kwa hiyo klachi yake haikupatikana kwa kutaja jina la gari. Presha pleti, kifuniko kinachofungwa kwa bolti upande wa injini, ilitakiwa ikubaliane na injini, na meno ya katikati ya pleti, sahani inayobanwa chini yake, yakubaliane na shafti ya giaboksi. Kipimo alilijua hilo kama Baba Yetu.

Klachi ilipokwisha, Kipimo alikuwa kitandani na homa. Akamtuma mdogo wake dukani, akampa klachi kuukuu ndani ya gunia, na kamba yake. Mdogo mtu aliviacha vyote juu ya benchi. Alisoma jina lililoandikwa nyuma ya pikapu, akanunua seti nzima ya jina hilo. Pleti iliingia kwenye shafti bila ubishi, akafurahi. Presha pleti ikagoma, matundu yake hayakulingana na ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini. Mwingine angerudi dukani. Yeye alichukua tupa, akayapanua matundu, akakaza bolti, akafunga giaboksi, akafunga na mdomo wake.

Pikapu ilikwenda siku tatu, ikitetemeka kila ilipoondoka. Siku ya nne, mlimani, ikiwa na saruji ya mteja, klachi iliungua, moshi ukajaa ndani. Iliburutwa hadi nyumbani. Kipimo alifungua, akaziona alama za tupa, na mbele ya mteja na majirani akasema polepole:

"Umenunua jina, bwana mdogo. Jina halishiki gia."

Watu wakacheka. Mdogo mtu akajibu kuwa basi aitengeneze mwenyewe, yeye mjuzi wa yote, akabeba sanduku lake la spana akaenda zake. Miezi minane hawakusemezana. Kila mmoja alikuwa na simu mfukoni, na kila Jumapili kila mmoja alipiga magoti akiomba asamehewe makosa yake.

Sasa alipofika uani aliikuta pikapu juu ya magogo, giaboksi ikiwa chini kwenye turubai. Gunia lilining'inia ukutani, kamba imefungwa shingoni mwake.

Shemeji yake alisimama mlangoni. Alimweleza kwamba mumewe angeweza kununua klachi siku yoyote. Alimsihi, akakataa. Marehemu alisema aliyekosea atakuja kuirekebisha kwa mkono wake, kwani ni damu yake.

"Mlikuwa mnasubiriana," akasema. "Mimi nikabaki na gari lisilokwenda."

Mdogo mtu aliomba kitu kimoja tu, kwamba kaka yake apelekwe makaburini kwa pikapu hiyo.

"Fanya utakavyo, shemeji. Yeye hana haraka tena."

Asubuhi alikwenda dukani na gunia. Alirudisha pleti mbili. Ya kwanza ilizidi upana, ya pili meno yalipungua. Ya tatu aliihesabu mara mbili. Akachagua presha pleti ya injini, na beringi ya giaboksi, akiilinganisha na ile kuukuu. Mwenye duka alichoka, akamuuliza kama siku hizi naye amekuwa Kipimo.

"Kipimo amekufa," akasema, akaendelea kupima.

Alifunga peke yake. Bolti ziliingia kwa vidole, bila tupa.

Kesho yake mchana jeneza liliwekwa nyuma ya pikapu. Iliondoka taratibu, bila kutetemeka hata kidogo. Mjane alikuwa ameachiwa kiti cha mbele, akakikataa. "Leo inakwenda," alisema, akatembea nyuma pamoja na wanawake.

Makaburini jeneza lilishushwa kwa kamba mbili. Mchungaji alisali kwa ufupi kwa kuwa mvua ilikuwa karibu. Mjane alitupa udongo, kisha mdogo mtu, kisha majirani. Kaburi lilipojaa, watu walirudi kwa miguu, na pikapu ikawafuata ikiwa tupu.