Aloyo Haondoki Getini

Kwa miaka kumi na tisa Aloyo alilinda geti la stoo ya vitenge pale Old Kampala, na hakuna aliyewahi kumkuta hayupo. Siri yake wanawake wote wa kazi hiyo wanaijua: hunywi maji mpaka zamu iishe. Choo kiko nyuma ya jengo, bunduki haiachwi, na mwenye kibofu chepesi hadumu. Binti huyu wa sajenti wa polisi, aliyekulia kambini, alijivunia kibofu chake kama wenzake wanavyojivunia medali.

Ndiyo maana alimdanganya Daktari Nabangala. Dripu za saratani ya mlango wa kizazi zilikuwa zikimsaidia, uvimbe umenywea, lakini dawa ile hutoka mwilini kupitia figo na huziunguza. Aliambiwa anywe lita tatu kila siku ili isafishike. Baada ya dripu ya pili, kipimo cha figo kilipanda vibaya.

"Maji unakunywa?" daktari aliuliza.

"Nakunywa sana, daktari."

Jamani, mtu mzima anadanganya kuhusu maji! Daktari alimlaza siku moja, akamtundikia maji ya mshipani, kisha akampa wiki: kipimo kisiposhuka ifikapo Ijumaa, dawa itasimamishwa, na nyingine yenye nguvu kama hiyo hakuwa nayo.

Jumatatu Aloyo alikuja getini na chupa mbili kubwa. Saa nne asubuhi kibofu kilikuwa kimembana kwelikweli, na hapo hapo pikapu ya Afande Ocira, msimamizi wao, ikakata kona. Ocira hana utani. Mwezi uliopita alikuta mlinzi mmoja hayuko getini, akamvua sare palepale. Ukaguzi wake huchukua nusu saa, na Aloyo alijijua: akijibana leo, kesho ataacha kunywa. Aliogopa kuliko siku aliyoambiwa ana saratani.

Ocira alishuka, akanyoosha mkono apewe kitabu cha matukio. Aloyo alimpa bunduki.

"Afande, mimi naenda kukojoa. Figo yangu inakufa, daktari amesema ni maji tu. Kama ni kufukuza, fukuza nikirudi."

Aliporudi alimkuta Ocira getini, bunduki begani, akifungulia lori. Alimwambia aandike kitabuni. Aloyo akaandika: saa nne na dakika kumi, mlinzi amekwenda chooni. Mpaka Alhamisi jioni aliandika hivyo mara thelathini na moja, na kila mara karani wa stoo alisimama badala yake, kwa amri ya Ocira.

Ijumaa alimpelekea daktari orodha hiyo, ameinakili kwa mkono wake. Daktari aliisoma, akatabasamu, akafungua bahasha ya maabara. Alizitazama tarakimu kwa muda mrefu. Aloyo alivumilia mpaka akashindwa.

"Samahani, daktari. Choo kiko wapi?"

"Mlango wa pili kushoto. Kipimo kimeshuka, mama. Ukitoka huko, nesi anakungoja na dripu ya tatu."

Aloyo alikojoa huku analia.