Kitenge cha Pili

Mwanamke wa miaka arobaini na tatu akikuambia anajifunza kupanda vitambaa na kuning'inia kichwa chini, usimcheke. Mngoje tu. Atajichekesha mwenyewe mbele za watu, kama nilivyofanya mimi.

Tulikuwa wanafunzi sita, watu wazima wote: mfamasia, walimu wawili, mpishi wa hoteli, mshona nguo, na mimi karani wa ofisi ya serikali. Mwalimu wetu alikuwa dada wa Goma aliyekulia kwenye sarakasi. Alivuka mpaka kila Jumamosi kutufundisha katika ukumbi mmoja wa upande wetu, karibu na Ziwa Kivu. Vitambaa virefu vilishuka kutoka kwenye boriti ya paa. Unavipanda kwa mikono na miguu, unajifunga mguu, unajizungusha, kisha unajiachia. Nilitoka pale mwili mzima unauma, lakini nikipanda pikipiki kurudi nyumbani Rugerero nilijiona binti.

Mwisho wa mafunzo mwalimu alisema tutafanya onyesho. Kila mmoja alipewa kadi tano za kualika watu. Zangu niliwapa mkuu wangu wa kazi, mke wake na wenzangu watatu wa ofisini. Mama yangu sikumpa. Nilimwambia Jumamosi hiyo nina formation, mafunzo ya kazi.

Niseme ukweli kwa nini. Mama anauza sambaza, vile visamaki vidogo vya Kivu, tangu turudi kutoka Kongo. Beseni lake ndilo lililonisomesha. Lakini ofisini nilikuwa nimesema mama yangu anaishi Bukavu, mwalimu mstaafu. Nilisema hivyo siku ya kwanza, mtu aliponiuliza, nikaona aibu kujirekebisha siku ya pili. Miaka ikapita. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu iliishia ukumbini.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwalimu wetu hununua sambaza kila anapovuka, na muuzaji wake ni mama. Alimualika kama unavyomualika mtu unayempenda. Hakujua mimi ni binti yake, na mama hakujua kama nitapanda.

Siku yenyewe nilikuwa nimesimama mbele, nikimsalimia mkuu wangu, nilipomwona mama mlangoni na beseni lake tupu. Alivaa vitenge viwili, kimoja cha kawaida, cha pili amekifunga kiunoni juu yake. Mwanamke wa kwetu hatoki na kitenge kimoja. Cha pili ni cha kubebea mtoto, cha kujikinga mvua, cha kumfunika mwenzako akipatwa na jambo njiani. Aliponiona na suruali yangu ya kubana, uso wake ulifunguka wote.

"Yebaba we! Ni we huyu?" Akaja amefungua mikono ili anikumbatie.

"Mnafahamiana?" mkuu wangu aliniuliza. Yeye alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka.

"Ni mama anayetuletea samaki nyumbani," nikasema.

Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Mikono yake ikashuka. Akanipa ncha za vidole tu nizishike, akasema, "Bonjour, madame," akaenda kukaa kwenye benchi la mbele na beseni lake magotini. Nilijiambia muziki ulikuwa mkubwa, hakusikia. Lakini mama yangu hajawahi kuniita madame.

Mwalimu alituonya Jumamosi iliyotangulia: shoneni blauzi na suruali zishikane, mkigeuka kichwa chini msiaibike. Mimi sikushona. Blauzi yangu ilikuwa mpya, nilitaka watu waione ilivyonikaa. Nilipanda vizuri, hata wakapiga makofi. Nikajifunga mguu, nikajigeuza. Hapo ndipo iliponipasa kuufungua mguu nishuke, lakini akili yangu ilikuwa kwenye benchi la mbele, nikavuta upande usio wake. Kitambaa kikakaza kifundo cha mguu. Nikajaribu kujiinua, tumbo likakataa.

Blauzi ikanifunika uso. Tumbo langu lote likabaki nje, na kovu la kuzalishwa mara mbili kwa kisu, mbele ya mkuu wangu na mke wake. Nyuma wakaanza kucheka. Nilisikia mwalimu akiita ngazi. Nikatamani ardhi ipasuke, ingawa hata ardhi yenyewe sikuweza kuigusa, kichwa changu kikining'inia usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama.

Kisha nikasikia harufu ya sambaza.

"Tulia," sauti ikasema karibu na sikio langu. "Usijitikise, mwana. Niko hapa."

Alikuwa amekifungua kitenge chake cha pili na kukinyanyua mbele yangu kwa mikono yote miwili, kama wanawake wanavyomzungushia mwenzao aliyeshikwa na uchungu barabarani. Hakuna aliyeniona tena. Mimi niliona miguu yake tu, na kandambili zake zenye magamba makavu. Ngazi ilichelewa. Mikono yake ikaanza kuchoka, na mama ana miaka karibu sabini, lakini hakuishusha hata mwalimu alipokuwa akinifungua. Nilishuka ndani ya kitenge hicho, akanizungushia na kukifunga fundo begani, kama alivyonifunga nikiwa mtoto nikitoka kuoga.

Watu wakapiga makofi zaidi kuliko mwanzo. Mkuu wangu akaja na mke wake, akamshika mama mkono.

"Mama, umefanya jambo kubwa. Huyu ni nani wako?"

Mama akanitazama. Alinipa nafasi, hilo sitalisahau. Alinitazama muda wa kutosha mtu kusema maneno matatu, ni mama yangu, na mimi nilikuwa nayo mdomoni. Nikatazama chini.

"Eh, patron, hapana," mama akasema. "Mi namuleteaka tu samaki."

Akainama kuchukua beseni lake. Nilikuwa nimevaa kitenge chake, jasho lake lingali kwenye pindo.

"Asante, mama," nikamwambia, kwa sauti ile ile ninayotumia sokoni.

"Bon, hakuna neno, madame," akajibu, akatoka.